Walitoka hotelini: niliyoyasema barazani kuhusu King Crimson

Jumamosi iliyopita niliongea pale barazani kwetu mbele ya watu kama thelathini, wengi wapiga muziki wa harusi na hoteli. Nilipewa nusu saa nikachukua saa nzima. Waliokosa wamenisumbua kwenye simu wiki nzima, kwahivyo nimeyaandika vile nilivyoyasema, na pale nilipopotea njia nimeacha hivyohivyo.

Asalaam aleikum, na wale wa habari za jioni, habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana mliosimama huko mlangoni ingieni jamani, viti viko, mbona mmesimama kama mnangoja matatu.

Najua nusu yenu mlipoona "roki ya Uingereza" kwenye tangazo mlidhani nakuja kumuongelea Freddie Mercury, manake huku kwetu ukitaja roki tu mtu anakwambia ah, yule mtoto wa Unguja. Freddie namheshimu, kazaliwa Zanzibar 1946 na hilo hakuna wa kutunyang'anya, lakini leo si siku yake. Leo naongelea bendi inaitwa King Crimson. Na si maisha yake yote, manake hio tutalala hapa, ni mwanzo wake tu, kuanzia 1967 mpaka mwisho wa 1969 na kidogo hapo mbele.

Mbona hao? Nitawaambia. Ule muziki wanaouita progresivu roki, roki yenye vipande virefu, inayobadilisha mwendo katikati, yenye filimbi na fidla na mambo ya okestra ndani, watu wakiuandika wanawachora wapigaji wake kama vijana wa chuo wenye nywele ndefu waliokaa chini ya mti wakaota ndoto. Sasa mimi nimepiga kibodi kwenye hoteli za hapa pwani miaka kumi na tisa, mnanijua, na nilipoanza kufuatilia habari za hawa jamaa nikakuta kitu kingine kabisa, nikakuta watu kama sisi. Mpiga gitaa wa hoteli. Mpuliza klarineti wa bendi ya jeshi. Mpiga dramu wa bendi za dansi. Albamu yao ya kwanza ya 1969 iliwaacha watu mdomo wazi London na New York, na ukiisikiliza kwa sikio la mtu wa kazi unaisikia hoteli mle ndani. Hilo ndo langu la leo, mengine ni hadithi za kunogesha.

Tuanze na Robert Fripp, mpiga gitaa. Kazaliwa 1946, mwaka mmoja na Freddie kumbe, mji mdogo unaitwa Wimborne, kusini mwa Uingereza, jimbo la Dorset. Baba yake alikua wakala wa kuuza nyumba, na kijana naye akaingizwa kazi hiyohiyo. Gitaa la kwanza alipata Krismasi ya 1957, ana miaka 11. Na hapa sikilizeni, mwenyewe anasema, si maneno ya maadui zake, kwamba alipoanza hakua na sikio la muziki wala mdundo hakua nao. Tena ni wa mkono wa kushoto lakini akajifunza gitaa kwa upande wa kulia. Mtoto kama huyo hapa kwetu angeambiwa baba, kauze madafu. Yeye akakaa na gitaa. Mwalimu wake, mzee Don Strike, ndo huyohuyo aliyemfundisha kijana mwingine wa hukohuko pwani ya kusini, anaitwa Greg Lake, wekeni jina hilo mfukoni tutalihitaji.

Fripp alipokua akaenda Bournemouth, mji wa bahari, mji wa watu wa likizo, yaani kama Diani lakini maji baridi. Akapata kazi kwenye bendi ya Majestic Hotel, akichukua nafasi ya mpiga gitaa aliyeondoka, na huyo aliyeondoka alikua Andy Summers, ambaye baadaye mlimsikia kwenye bendi ya The Police. Hoteli moja, kiti kimoja, wapiga gitaa wawili wa aina hio! Sisi tunajua kazi ya hoteli ilivyo. Unapiga watu wanakula, unapiga kijiko kikianguka ndo makofi yako. Unapiga unachoambiwa, kwa sauti unayoambiwa, saa unayoambiwa. Mimi kuna meneja mmoja, hoteli siitaji, alinipa wimbo mmoja nipige kila usiku saa tatu na nusu keki zikitoka, nimeupiga miaka minne. Lakini vidole vyangu vinaujua ule wimbo hata nikiwa nimelala, na akili inabaki huru kufikiria kitu kingine. Hio ndo faida ya hoteli ambayo hakuna anayeisema.

1967 ndugu wawili wa hapohapo Bournemouth, Michael Giles wa dramu na Peter Giles wa besi, walikua wamezunguka na bendi za dansi na kupiga za watu miaka kadhaa, wakatangaza kwamba wanatafuta mpiga ogani anayeimba. Fripp hapigi ogani. Fripp haimbi. Fripp akaenda. Na wakamchukua! Ama tuseme hawakumfukuza, manake baada ya kama mwezi mzima wa kupiga nao akamuuliza Michael, je, kazi nimepata? Michael akawa anasokota sigara yake taratibu, akamwambia tusiwe na haraka. Fripp anasema mpaka leo hajui kama alipata ile kazi.

Watatu hao wakahamia London, wakajiita Giles, Giles and Fripp, jina kama la ofisi ya mawakili, na 1968 wakatoa albamu na Deram, lebo ndogo ya kampuni ya Decca. Nimeisikiliza yote. Ni vichekesho vingi, nyimbo fupi za ajabuajabu, hadithi za kusimuliwa katikati ya nyimbo, gitaa limepigwa kwa ufundi mkubwa ndani ya nyimbo ambazo hazijui zinaenda wapi. Haikuuza. Yaani haikuuza kwa maana ya haikuuza, nakala mamia tu, kuna kaseti za harusi hapa Mombasa ziliuzwa zaidi. Shoo nazo hakuna. Sasa mtu mwingine hapo angerudi kwa baba akauze nyumba.

Kilichowaokoa ni tangazo lingine la gazeti, hawa watu maisha yao yote ni matangazo. Kwenye Melody Maker dada mmoja mwimbaji, Judy Dyble, aliyekua ametoka bendi ya Fairport Convention, yeye na mchumba wake wakatangaza wanatafuta wapigaji, Peter Giles akapiga simu. Judy hakukaa, mapenzi yaliisha akaenda zake. Yule mchumba akabaki, na huyo ndo Ian McDonald.

Sasa McDonald. Mimi nikiulizwa hio bendi ya kwanza ilikua ya nani sisemi Fripp, nasema McDonald, na nishabishana na watu hapa mpaka kahawa ikapoa. Huyu aliingia jeshini akiwa na miaka 15, bendi ya jeshi, akakaa miaka mitano. Huko akafundishwa klarineti, akafundishwa kusoma noti, akafundishwa vile tarumbeta na filimbi na saksafoni zinavyopangwa zisikanyagane. Akatoka anapuliza saksafoni, anapuliza filimbi, anapiga kinanda, anapanga muziki kwenye karatasi. Wazee mnaikumbuka bendi ya polisi vile ilivyokua inatoa mafundi, basi ndo hivyo. Mtu wa paredi! Halafu watu wanakuja kuniambia huu muziki ulitoka kwenye njozi.

Na McDonald akaja na rafiki yake, Peter Sinfield, waliyekua wakitunga pamoja. Sinfield hapigi chombo chochote cha maana, kazi yake ya mchana ilikua kompyuta, wakati kompyuta moja inajaza chumba. Alikua anaandika maneno, akawatengenezea taa za jukwaani, akawa mwanachama kamili wa bendi, jina lake liko pale na wenzake. Wazungu wenyewe walishangaa, bendi gani ina mtu haimbi hapigi? Sisi hatuwezi kushangaa. Taarab ngapi mtunzi wa shairi amekaa kwenye kiti chake kimya, anaimba mwingine, na mji mzima unajua maneno ni ya nani.

Wakati huo kwenye fleti yao Brondesbury Road kulikua na rekoda ya Revox na walikua wanarekodi nyumbani usiku na mchana, majaribio juu ya majaribio. Mwisho wa 1968 Fripp akaona wanahitaji sauti ya kuimba ya kweli, akamkumbuka mwenzake wa kwa mzee Strike. Greg Lake, mtoeni mfukoni. Fripp akawaambia wenzake kwamba Lake anaweza kuchukua nafasi yangu mimi au ya Peter, chagueni. Kaondoka Peter Giles. Lake alikua mpiga gitaa, akashikishwa besi. Na ndugu wawili waliotoa tangazo la kwanza, mmoja akabaki ndani mmoja nje. Peter ndo aliyepiga ile simu iliyomleta McDonald, msisahau. Hilo linaniuma kila nikilisoma, lakini muziki ndo ulivyo, na tutamrudia.

Jina alilitoa Sinfield. King Crimson, Mfalme wa rangi ya damu ya mzee, ndo tafsiri yangu, na naiona tamu kuliko ya kwao. Sinfield alisema alitaka jina la kumaanisha yule Belzebuli, mkuu wa mashetani, bila kumtaja. Sasa Fripp, mtu wa kuchimba mambo, akaja na maelezo yake kwamba Belzebuli asili yake ni Kiarabu, eti "bil sabab", mtu mwenye lengo. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Sababu! Neno tunalolitumia kila siku, kwa sababu hii kwa sababu ile, kumbe mzungu wa Dorset amelibeba kuelezea bendi yake. Masheikh na mapadri wote watakwambia hio si asili ya jina, lakini mimi namwachia, manake bendi yenye sababu si jina baya hata kidogo.

Tarehe 13 Januari 1969 wakaanza mazoezi rasmi. Wapi? Chini ya mkahawa, Fulham Palace Road, London. Juu watu wanakunywa chai na mayai, chini sakafuni jamaa watano na vyombo vyao. Hapo ndo nataka vijana mnisikilize, simu wekeni mfukoni kidogo. Kuanzia Januari mpaka Aprili hawakua wanatafuta shoo kama vichaa. Walikua mle chini. Mwezi wa Februari wakaenda Newcastle kupiga klabu moja inaitwa Change Is, wakaonjesha mambo yao mbali na macho ya London, kisha wakarudi shimoni. Shoo yenyewe ya London ikaja tarehe 9 Aprili klabu ya Speakeasy, pahali ambapo wapiga muziki wakubwa walikua wanakwenda kunywa baada ya kazi zao. Yaani ukikosea pale umekosea mbele ya fundi.

Hawakukosea. Mjini wakaanza kuulizana hawa ni nani, wametoka wapi, manake albamu hawana, na wanapiga kama watu waliokaa pamoja miaka kumi.

Na hapo Speakeasy kuna kisa cha kiti. Fripp akaona kupiga huku umesimama kunamharibia, akataka kukaa kwenye stuli. Wenzake wakasema haiwezekani, roki haipigwi umekaa. Lake akamwambia utaonekana kama uyoga. Fripp akawajibu kwamba uyoga kwa mila za watu wengi ni alama ya nguvu za kiume, akavuta stuli akakaa. Mpaka uzeeni anapiga amekaa. Watu wakaandika kurasa na kurasa kuhusu ile stuli, eti falsafa. Falsafa gani! Ni mtu wa hoteli huyo, hotelini unakaa, saa tano usiku mgongo unakuuma. Mimi nikiwa stejini nina kiti changu na mto juu yake na hakuna aliyeniandikia falsafa.

Mwaka huohuo klabu nyingine, Revolution, Jimi Hendrix, yule bingwa wa gitaa wa Marekani, akaja kuwasikiliza. Baada ya shoo akamfuata Fripp, mkono wa kulia umefungwa bandeji umening'inia shingoni, akamwambia nishike huu wa kushoto, uko karibu na moyo wangu. Mshoto anayepiga kishoto anamsalimia mshoto anayepiga kulia. Fripp amelisimulia hilo miaka yote kama mtu aliyesalimiwa na sultani.

Sasa niwaelezee kile kinanda, manake wapiga kibodi wenzangu wamenikodolea macho tangu niingie. Inaitwa Mellotron. Walisaidiwa pesa za vyombo na mjomba wake McDonald, Mungu awape kila bendi mjomba, na Mellotron ikaingia ndani. Ni sanduku kubwa la mbao, zito vibaya, linatengenezwa na watu wa Birmingham. Haitengenezi sauti kwa umeme kama kibodi zetu. Chini ya kila kii pana utepe wake, tepu kama zile za rekoda za zamani, na kwenye utepe ule wamerekodiwa watu wakipiga fidla, noti ile moja tu. Unabonyeza kii, tepu inabanwa kwenye hedi inavutwa, fidla zinalia. Unaachia, springi inairudisha mwanzo. Na tepu ile ina sekunde kama nane. Basi. Ya tisa, kimya. Huwezi kukandamiza kodi ukaenda kuvuta sigara, lazima vidole vihamehame, unaingiza noti hii kabla ile haijakatika, kama mtu anayepika chapati kwenye jiko dogo. Na umeme ukicheza, mota inabadilisha mwendo, tuni inaondoka. Ukaibebe kwenye gari, uishushe, uipandishe stejini kila usiku.

Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliipiga vita, wakasema italeta njaa kwa wapiga fidla. Mnacheka? Waulizeni wapiga fidla wa taarab wa hapa kibodi ilipoingia kwenye modani taarab ni nini kiliwapata. Mimi ndo niliyekua na ile kibodi, sisemi zaidi.

Lakini McDonald hakuitumia kama mtu anayetaka kumdanganya msikilizaji kwamba kuna okestra. Msikilize kwenye wimbo wao wa Epitaph. Zile fidla zina ukungu, zinayumba kidogo, kama zinatoka chumba cha jirani ambako kuna msiba. Okestra ya kweli ingekua safi mno. Walikua na chombo kibovu kibovu wakakipa kazi inayokifaa.

Tarehe 5 Julai 1969, Hyde Park. The Rolling Stones wanapiga bure, siku mbili baada ya kifo cha Brian Jones aliyekua mpiga gitaa wao. Watu wanaotajwa ni kati ya robo milioni na nusu milioni, na kati ya bendi za kufungulia iko hii ya shimoni, haijafikisha miezi sita tangu ianze mazoezi, santuri hata moja haina. Walipata muda mfupi wakaanza na ule mkali wao, 21st Century Schizoid Man. Stones siku hio, wenyewe wanakubali, tuni haikua sawa. King Crimson walikua wamekazwa kama tarumbeta za gwaride. Hapo ndo nchi ikawajua.

Huo wimbo nimewaletea, tutausikiliza mwisho, lakini niwaambie pa kutega sikio. Mwanzo Lake anaimba na sauti imevurugwa makusudi, kama mtu anapiga kelele kwenye simu mbovu, maneno ya Sinfield ni vita, ni napalm, yale mabomu ya moto, ni Vietnam ile. Wakienda Marekani jukwaani Fripp alikua anautoa kwa heshima ya Spiro Agnew, makamu wa rais wa Nixon, kwa sauti ya upole kabisa, kebehi ya mwalimu. Halafu katikati wimbo unatimua mbio. Na ndani ya mbio hizo kuna pahala gitaa, saksafoni, besi na dramu wote wanapiga kitu kilekile, noti kwa noti, haraka, na wanakata. Kimya. Wanaingia tena, wanakata. Kimya. Tena si kwa kelele, wanapiga chinichini, kama watu wanaonong'ona kwa pamoja. Hapo hakuna ujanja wa studio. Vile vimya vyote vinaanguka pamoja kwa sababu jamaa walikaa chini ya mkahawa wakarudia, wakarudia, wakarudia. Ni nidhamu ya bendi ya jeshi na ya hoteli, imewekwa kwenye wimbo wa kichaa. Niko hapo tu leo.

Studio walianza vibaya. Walipewa prodyusa wa The Moody Blues, Tony Clarke, wakarekodi naye wakaona hapana, siyo sisi. Wakamwacha wakaingia wenyewe studio ya Wessex, London, mashine ya treki nane, hawajawahi kujisimamia, wakaimaliza mwezi wa nane. Albamu hio, In the Court of the Crimson King, ikatoka tarehe 10 Oktoba 1969. Nyimbo tano tu. Wimbo wa nne, Moonchild, una dakika kumi na mbili, na nyingi kati ya hizo ni jamaa watatu wanachezacheza na vyombo bila mpango, na mimi mpaka leo naona hapo waliishiwa, mniwie radhi mashabiki. Uingereza ikafika nambari 5, Marekani 28. Pete Townshend wa The Who akaisifu hadharani sifa ambazo wenyewe zimewatia haya.

Na lile kava. Hebu pitisha hio sahani, shika pembeni baba, usiweke dole. Uso mzima wa mtu anapiga ukelele, tundu za pua, koo mpaka ndani, macho yanakimbia pembeni, rangi nyekundu na buluu, na mbele hakuna jina la bendi wala la albamu. Ukifungua ndani kuna uso mwingine unatabasamu, na lile tabasamu ndo linanitisha zaidi. Alichora Barry Godber, rafiki yake Sinfield, naye mtu wa kompyuta. Inasimuliwa aliileta ile picha studio akailaza sakafuni, jamaa wakaizunguka wakaitazama, wakajua. Mwezi wa Februari 1970, albamu haijafikisha hata nusu mwaka dukani, Godber akafa kwa moyo, ana miaka 24. Kava hilo ndo jina lake duniani. Picha yenyewe ya asili baadaye Fripp aliikuta kwenye ofisi ya mameneja, imetundikwa mahali jua linaipiga, akaichukua akaenda kuihifadhi.

Marekani waliingia mwisho wa Oktoba 1969, shoo ya kwanza chuo kimoja jimbo la Vermont, Goddard College. Halafu ndo ile safari tunayoijua wote waliowahi kuzunguka na bendi: saa nyingi za kukaa, chakula kibaya, simu za nyumbani. McDonald alikua na mapenzi London na moyo uko huko. Michael Giles hapendi kusafiri. Na ule muziki nao, McDonald akaanza kuona umekua mweusi mno, yeye anataka nyimbo nyepesi zenye jua. Mwezi wa Disemba, wakiwa California, wawili wakamwambia Fripp tunaondoka. Fripp akawaambia basi bora niondoke mimi, nyie mbaki na bendi. Wakamjibu hapana, hii bendi ni yako zaidi kuliko yetu.

Hebu hesabuni. Januari 13 wameanza, katikati ya Disemba wanapiga shoo ya mwisho Fillmore West, San Francisco. Miezi kumi na moja! Kuna watu hapa wana bendi ina miaka kumi na haijawahi kukubaliana jina.

Na hapohapo Fillmore, kwenye shoo hizohizo, walikuwepo bendi ya The Nice na mpiga kinanda wao Keith Emerson, naye amechoka na bendi yake. Lake na Emerson wakaongea. 1970 wakatengeneza Emerson, Lake and Palmer. Kwahivyo bendi moja ikifa jioni nyingine inachumbiana pembeni, mapazia hayajafungwa.

Yaliyofuata nitapita mbio, naona mama wa samosa ananiangalia. Albamu ya pili, 1970, In the Wake of Poseidon, Lake aliimba kabla hajaondoka, Michael Giles akarudi kupiga dramu kwa kazi tu, na besi akaitwa nani? Peter Giles! Yule aliyeachwa nje. Alikuja, akapiga, vizuri sana, akaenda zake. Kelele hakupiga. McDonald na Michael wakatoa albamu yao wawili, yenye lile jua walilolitaka, nzuri, haikwenda mbali. McDonald baadaye alikua kati ya walioanzisha bendi ya Foreigner, na hao mnawajua, mmewapiga kwenye harusi bila kujua.

Fripp na Sinfield wakabaki na jina tu na madeni ya muziki. Wakatafuta mwimbaji kama mtu anayetafuta sindano gizani. Kuna kijana alikuja kufanyiwa majaribio, sauti yake ya ajabu, Fripp akaona haifai kwa bendi hii lakini akampeleka kwa mameneja wake wamsikilize. Huyo kijana ni Bryan Ferry, na bendi yake ndo Roxy Music. Mwishowe wakamchukua Boz Burrell aimbe. Mpiga besi nao hawana, wamejaribu huyu na yule hawamuoni. Fripp akamkalisha Boz chini, mwimbaji ambaye hajawahi kupiga besi maisha yake, akamwekea vidole: hapa, kisha hapa, kisha hapa. Nyimbo zote. Yule aliyeanza bila sikio wala mdundo ndo anafundisha. Boz alijifunza kwelikweli, miaka michache mbele akawa mpiga besi wa Bad Company, mamilioni ya rekodi.

Haya, naona mkono umeinuliwa huko nyuma. Kijana wa besi huyo? Subiri basi tuweke sahani kwanza, uliza ikiisha. Na nyie wa kibodi, ikifika Epitaph hesabuni sekunde nane.